Mama Mkwe, Siku Uliyokubali Kupanda Mtumbwi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu ulipokuwa hai sikuwa na ruhusa ya kukutazama usoni, sembuse kukaa nawe tukaongea. Kwetu Wasamia, mtu na mama mkwe wake ni wa kukwepana. Sasa umepumzika, na mimi nina maneno.

Unaikumbuka siku ile ya Mto Sio, miaka ya sabini, ng'ambo ya Uganda kulipochafuka? Watu walikuwa wakichukuliwa na askari majumbani mwao, wala hawarudi. Pale Busia mpakani, barabarani hapapitiki. Binti yako Nabwire, mke wangu, alikuwa na mimba ya kwanza na hakuwa anakula. Kila nikimwekea sahani ananiuliza, "Mama yuko wapi?" Basi nikaazima mtumbwi wa mvuvi nikakufuata huko kwenu ng'ambo.

Nilikukuta ukingoni na kikapu chako na kuku mmoja. Ulipoona nimekuja peke yangu, uligeuza uso ukatazama miti. Mtumbwi wenyewe ulikuwa mwembamba, mbuzi wawili wangegombania nafasi. Nikasema huku nikiangalia maji, "Mama, panda twende, hawa watu wako karibu."

Ukamjibu kuku. Ndiyo, kuku! "Ambia huyo, afadhali nikufe hapa kuliko kukaa na mkwe ndani ya kitu kama hiyo."

Mama, nilitaka kulia. Ningerudi nimwambie nini Nabwire? Nikaona na mimi nipitie kwa huyo huyo kuku. "Ambia mama, binti yake hataki kula mpaka amuone."

Ulimtia kuku kikapuni. Kisha ukajifunika shuka kichwa chote, ukapanda, ukakaa mbele ukinipa mgongo.

Upande wetu ulikuwa mafunjo matupu, hakuna pa kushukia, ikabidi tupande na mto mpaka kwenye msitu. Ilituchukua siku nzima. Miti ilikuwa imeinama kutoka pande zote mbili, maji meusi, tumbili wanatupigia kelele kama wenye nyumba. Wewe uliujua mto ule tangu utoto wako, na hukuweza kuvumilia nilivyopiga kasia.

"Kuku, ambia mwenye kasia avute upande ya kulia, kuna kisiki."

Na baadaye kidogo, "Kuku, huyu mtu hajui maji kabisa."

Nilikuwa nimelowa jasho, mikono imechubuka, lakini nilicheka kimoyomoyo.

Halafu, pale mto unapojipinda, tukasikia sauti za wanaume ukingoni na mlio wa bunduki zikikokiwa. Niliganda na kasia mkononi. Wewe ndiye uliyegeuka. Ulivua lile shuka, ukanitazama machoni, ukasema, "Lala!"

Nililala. Ulitufunika sote, mimi, wewe na kuku, ukashika tawi kwa mkono mmoja, mtumbwi ukatulia chini ya majani. Kichwa changu kilikuwa kwenye goti lako. Nakwambia kweli, sijui niliogopa nini zaidi, wale wenye bunduki au lile goti. Sauti zilipopotea, ulirudi ukakaa vilevile, mgongo kwangu.

"Kuku," ukasema, "hapa hakuna kitu imefanyika."

Jioni Nabwire alikuwa anatungoja mahali pa kushukia, palepale nilipoazima mtumbwi. Mlishikana mkaanguka matopeni, na usiku ule alikula ugali na samaki mpaka akakwangua sufuria. Mimi nilikaa nje peke yangu, namshukuru Mungu.

Neno lile moja, "Lala", ndilo pekee uliloniambia moja kwa moja maisha yako yote. Ulikaa boma la kaka yako, jirani na letu, ukalea wajukuu, ukazeeka, ukafia kitandani mwako. Sikulalamika. Kwenye njia ya kisimani ulikuwa unakohoa makusudi ili nijue unakuja, nami najitupa kwenye mahindi upite. Watoto walicheka. Hawakujua kwamba kila nikisikia kile kikohozi nilishusha pumzi: yupo, tulimvusha.

Tangu tukuzike, Mama, nikifika njia ile bado nasimama kwanza, nasikiliza. Halafu naingia kwenye mahindi hata hivyo, nikupishe.

Lala salama.

Ni mimi, mkwe wako, mwenye kasia.