Rangi Chini ya Boneti

Jumamosi jioni, Machame

Nyekundu imekaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Kava la injini na mifuniko mingine ya plastiki chini ya boneti ilikuwa imepauka, sasa inang'aa. Wiki nzima nimesugua kwa msasa na kupuliza rangi, nikaanika sebuleni maana mvua haikati. Mama Neema angekuwa hai angenitimua na harufu ile. Kava nililiweka kwenye kiti chake likauke.

Lakini rangi hiyo nani ataiona? Nilimtumia binti yetu picha huko Dar. Akajibu kwa kidole gumba. Basi.

Ndiyo maana leo nilishuka Kwa Sadala, nikaegesha karibu na soko, nikafungua boneti na kusimama pembeni kama mjinga. Mama mmoja muuza ndizi akanisogelea.

"Shikamoo baba. Gari limekufa?"

"Marahaba. Limechemsha tu."

Sijui kwa nini nilidanganya. Gari lilikuwa zima kabisa.

"Usifungue rejeta, utaungua! Kaa hapa, lipoe kwanza."

Akanipa kigoda chake, yeye akakalia ndoo. Akanisimulia habari za ng'ombe wake anayekataa majani, akaniuliza kuhusu wangu, akanimenyea ndizi. Tukasubiri gari lipoe mpaka wingu lilipotanda, ndipo akanihimiza niondoke kabla hakujanyesha.

Rangi hakuitaja. Nami sikuikumbuka, mpaka nilipofungua mlango wa nyumba nikapokelewa na harufu yake.