Mama Mkwe Ndani ya Boksi

Mshauri mpendwa, nakuandikia kutoka Pioneer hapa Eldoret, na nakusihi unijibu kabla ya Ijumaa maana Ijumaa ikifika nimekwisha.

Kazi yangu ya pembeni ni kutengeneza maboksi ya vile visanamu vya mashujaa ambavyo watu wazima hukusanya, mtu ananiletea kisanamu kilichopoteza boksi nami nakitengenezea jipya, mbele natia dirisha la plastiki angavu, nyuma nachapa sifa za shujaa na maneno anayopenda kusema, kazi yote naifanyia kwenye meza ya chakula, na sijisifu lakini pembe za maboksi yangu hazina mfano. Sasa siku moja nikajifurahisha nikatengeneza kisanamu cha mama mkwe wangu, nikakivika kitenge, nikakitia kwenye boksi lenye dirisha angavu, mbele nikaweka picha yake, na nyuma nikachapa: "MAMA MKWE. Anasema maneno matatu: Hii nyumba ina baridi! Mtoto wangu amekonda! Wewe Omollo, bado unacheza na makaratasi? Tahadhari: hana swichi ya kuzima." Mke wangu Apondi alicheka mpaka akakaa chini, nasi tukaliweka boksi juu ya kabati.

Juzi mama akaja mjini kwa kliniki ya macho, analala kwa dada yake kwa sababu sisi Waluo mama mkwe halali kwa mkwewe, lakini mchana anashinda kwetu amejifunika shuka, akatazama kabati akauliza, "Huyo ni nani anafanana na mimi?" Woga ukanishika nikasema ni zawadi yako, mama. Akalisogeza kwenye dirisha la sebule asome, lakini maandishi madogo hayaoni, na hapo hakuna mwanga kwa sababu kioo kilivunjika tangu Machi nikaziba na kadibodi ya kazi, basi akalipapasa tu akasema, "Omollo, tangu nizaliwe hakuna mtu amenitengenezea kitu kiko na sura yangu," akalia, akalitia kwa mkoba. Miwani yake inatoka Ijumaa na ameapa kitu cha kwanza atasoma ni hilo boksi. Apondi anasema yeye hayumo. Je, nilibadilishe kisiri mama akienda msalani?

Omollo, Pioneer

Omollo, umenichekesha mpaka nikamwaga chai, na sasa nimemaliza kucheka. Upekue mkoba wa mama mkwe? Ukishikwa, utawaeleza nini wazee wa Apondi? Acha kabisa. Na huyo Apondi mwambie yumo, tena yumo mpaka shingoni.

Mama amelia kwa furaha, nawe unawaza kumficha ukweli. Tengeneza karatasi mpya ya nyuma na uchape mema aliyowafanyia, yapo, usijifanye umesahau. Alhamisi, Apondi akiwa kando yako, mpe mkononi, umwambie ile ya kwanza ilikuwa utani na uliogopa kusema. Kisha msomee ya zamani wewe mwenyewe, neno kwa neno, hata hapo kwa swichi. Akinuna, vumilia. Akicheka, usitangulie kucheka.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili. Kisanamu umekitilia dirisha safi kabisa, na mama mwenyewe umemkalisha na shuka kando ya kadibodi, mwezi wa saba, Eldoret! Hiyo nyumba ina baridi kweli, bwana. Kabla hujachapa herufi hata moja, chukua hiyo rula yako, upime dirisha la sebule, ukanunue kioo.