Ngumi Iliyomfikisha Babu Geita

Sikujua, nusura nisizaliwe. Babu Lugwisha ametusimulia leo hapa Ngokolo, huku akitafuna karanga.

Mwaka 1952 alipanda meli Mwanza, akatafute kazi kwenye machimbo ya Geita. Tufani iliwatikisa usiku kucha. Asubuhi ziwa likatulia, naye akaanza kujisifu kwamba mkewe amejifungua mapacha; baba yangu alikuja kuzaliwa baadaye.

Abiria mmoja akamuuliza, “Umeshafanyiwa tambiko la baba wa mapacha?” Akajibu hapana, ameondoka mapema. Eti hapana! Mbele ya Wasukuma wenzake waliotoka kutapika usiku kucha!

“Kumbe tufani ni yako!” Kwa imani yao, baba wa mapacha asiyetambikiwa huleta tufani. Wakamshushia fimbo na mateke hadi mbavu zikavunjika. Kisha wakamnyanyua juu ya ukingo, kichwa kikitazama maji.

Hapo akatokea mchochea makaa wa meli, Mzaramo, mtani wao. “Ng'ombe wangu huyo! Mnamtupaje kabla sijampiga?” Mtani hakataliwi, wakamshusha. Mzaramo akamtandika ngumi moja, taya likavunjika. “Haya, mtupeni sasa, samaki wapate uji!”

Wakacheka. Nakwambia walicheka, fimbo zikiwa bado mikononi! Walipomaliza kucheka, hakuna aliyetaka kumshika tena.

Mimi siamini kwamba mapacha huleta tufani. Nilitaka tu kujua kama babu alimsamehe yule Mzaramo kwa taya lake.

“Nimsamehe nini?” akanijibu. “Kati ya wote walionipiga, yeye peke yake alikuwa upande wangu.”