Sakafu ya Choo cha Mzee Likwena

Jumatatu, 13 Januari
Zamu yangu ya choo. Nimeosha. Wiki iliyopita ilikuwa ya Zamda, mpangaji wa chumba cha kati. Alimwaga maji mlangoni, akavaa wigi lake, akaondoka. Mvivu yule.
Wakati nasugua sakafu imelia, kama mti unaotaka kuanguka. Nimechungulia tunduni. Magogo yaliyobeba simenti yameliwa na mchwa. Na mvua haikatiki.

Alhamisi, 16 Januari
Mwenye nyumba, Mzee Likwena, kaja kuchukua kodi. Nimemwonyesha ufa. Kaziba pua kwa kofia.
"Bibi, nyie mnamwaga maji mengi mno."
Nikamuuliza, kwako choo mnaosha kwa mate? Zamda kacheka. Mwenyewe hakucheka.
Nikasema basi wapangaji tukate magogo, tuweke wenyewe. Kakataa. Mpangaji hagusi jengo lake, hiyo ndiyo kanuni. Hata msumari wa chandarua tuliuombea ruhusa. Hatengenezi, na hataki tutengeneze.

Ijumaa, 17 Januari
Wenzangu wote sasa wanakwenda choo cha nyumba ya jirani. Ni kwa mwanangu Somoe. Choo kizuri, kina bati.
Mimi siendi. Pale yupo mkwe wangu, mume wa Somoe. Jina lake silitaji. Tukikutana njiani kila mtu anapinda kwake. Nitapishana naye vipi na kopo la maji mkononi? Ndiyo maana nilipotoka Nkowe kuja hapa Nachingwea nilipanga chumba, sikukaa kwao.
Zamda anasema hayo mambo ya zamani. Yeye na mkwewe wanaazimana malapa. Aibu zao sijui waliziuza mnada gani.

Jumatatu, 20 Januari
Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kasema sawasawa: kufagia na kuosha ni kazi ya mpangaji, kutengeneza kilichochakaa ni kazi ya mwenye nyumba. Kampigia simu Likwena hapohapo. Fundi anakuja kesho.
Nimerudi kifua mbele. Zamda nimemwambia, unaona? Mdomo wangu si wa kulia ugali tu.

Alhamisi, 23 Januari
Fundi hakuja. Mvua.
Somoe kaja kunisihi, analia. "Mama, kwa hiyo utakufa kwa ajili ya aibu?" Nimemfukuza. Mama yangu hakunifundisha kwenda haja kwa mkwe.
Nakanyaga pembeni, nafuata ukuta. Katikati sigusi. Chai nimeacha ili nisiende mara nyingi. Naogopa. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 1 Februari
Hospitali.
Jana asubuhi sakafu ilizama. Mguu wa kulia uliingia mpaka pajani, mwili ukakwama juu. Ndiyo pona yangu. Mfupa umevunjika chini ya goti.
Nilipiga kelele. Wanawake walivuta, hawakuniweza. Aliyenitoa ni mkwe. Kanishika makwapani, kanibeba, na nguo zangu zilivyokuwa vile. Alifumba macho mpaka barabarani. Zamda ndiye alimshika kiwiko kumwongoza. "Kushoto shemeji. Jiwe hilo. Inua mguu."
Nililia. Si kwa mguu.

Jumanne, 11 Februari
Likwena kaja wodini na machungwa. Kakaa, kapumua, kisha kasema: "Bibi, ulijua kibovu. Uliingia kufanya nini?"
Kuingia chooni kufanya nini! Nilimwambia kama hajui aende kwa mama yake akafundishwe.
Kasema pia tungeweza kukiziba wenyewe. Mzee na mvi zake, anasema hivyo bila kupepesa.
Chumba changu kampa mtu mwingine. Vyombo vimetolewa nje, Somoe kavichukua. Mwenyekiti anasema mpangaji hatolewi hivyo, nikashitaki. Nitashitaki. Nisimame kwanza.
Machungwa nimewapa wagonjwa wengine.

Jumatano, 19 Februari
Nimetoka hospitali. Niko kwa Somoe, sina pengine. Choo nakwenda kwa kushikwa, mchana kweupe, mtaa mzima unaona.
Mkwe sijamwona. Somoe anasema yuko shambani Marambo, palizi.

Ijumaa, 28 Februari
Palizi ilikwisha kabla sijavunjika. Nilikuwepo, nilijua. Nimembana Somoe, kasema kweli. Mkwe kajijengea kibanda kule, anakaa huko mpaka mguu wangu upone. Hakuambiwa na mtu.
Nyumba ni yake. Choo kakichimba mwenyewe.
Nimemwambia Somoe amwite arudi. Kasema kamwita, hataki.
Leo mkwe kaleta mihogo. Kaiweka nje ya mlango, kakohoa, kaondoka. Nimesikia baiskeli ikishuka kilima. Somoe kaipika. Tumekula sisi wawili.