Kiti cha Mama Kilichotolewa Garini

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 8 Machi.

Mpendwa Kaka,

Tarehe 9 Februari, siku uliyopanda ndege, Mama alipoteza njia yake ya kutoka nyumbani. Haikuibwa na mwizi. Uliichukua wewe, kwa mapenzi, ukalipa na risiti ukapewa.

Sasa shikamoo. Naiandika nikiwa nimenuna, lakini naiandika, maana sikulelewa kuingia kwa mtu bila hodi hata kama naenda kugomba. Hujambo? Wifi hajambo? Yule wa pili kikohozi kimemwachia? Huku mvua zimeanza mapema. Binti yangu na kichanga chake wazima. Kichanga kina kilo nne na nusu na sauti ya mnadishaji. Kwa hiyo wewe sasa ni babu, anza kujizoeza kukohoa kabla ya kuingia chumbani.

Nimechagua barua kwa sababu nikikupigia simu Mama huwa pembeni yangu, na Mama akiwa pembeni mimi husema, "Gari zuri, kaka, asante." Nimesema hivyo mara nne. Mara ya tano nimeamua kuandika. Nesi wa nyumba ya pili anasafiri kesho kuja huko. Jumanne barua itakuwa mkononi mwako.

Nikukumbushe lilipotoka gari lenyewe. Lilikaa miaka kumi na moja juu ya mawe nyuma ya nyumba baada ya Baba kufariki, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Nilipokuuliza tulifanyeje ulinijibu, "Chuma hicho kiuze kwa kilo." Kadi ya gari ina jina lako kwa kuwa Baba alimwandikisha mtoto wa kwanza, sawa. Lakini aliyelifufua ni mimi, dobi, niliyeanza na beseni mbili na kamba ya kuanikia. Miezi kumi na tisa. Injini ilikuwa imeganda. Tuliimiminia mafuta kwenye silinda tukangoja wiki tatu izinduke. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi ukikaa nyuma unahesabu mawe ya chini. Nyaya panya walikwisha kuzila, nikapitisha mpya kwa mikono yangu huku Fundi Cheche, yule mchomelea vyuma wa barabara ya chini, akinisimamia na kunicheka. "Dobi, ukigusisha hizo mbili, shuka ya kwanza kufuliwa kesho ni ya kukufunikia wewe."

Nililitaka gari hilo kwa sababu linaeleweka. Ukifungua boneti unaona ardhi. Kila kitu kina skrubu na kila skrubu inafikika. Gari la siku hizi likigoma unapiga simu. Hili likigoma unachukua spana namba kumi na tatu.

Sikulitaka liwe zuri, nililitaka liwake. Dainamo ya zamani niliitoa nikaweka altaneta, ili mvua ikinyesha taa na vaipa vifanye kazi pamoja. Kiti cha nyuma nilikitoa nikapigilia ubao, mafurushi manane ya shuka yalale sawa. Mbele ya rejeta niliweka feni ya umeme iliyotoka kwenye gari la ajali. Kwa miaka mitatu limenitembelea kilomita elfu thelathini na moja, na limenisimamisha njiani mara mbili tu. Moja kati ya hizo mafuta yalikuwa yameisha, na hiyo aibu ni yangu.

Halafu Mama akaanguka, akapasuliwa nyonga. Daktari alimkataza kukaa mahali pa chini ya sentimita hamsini. Kiti cha gari, kupima kutoka ardhini, kilikuwa na thelathini na nane. Wakati ule ule kinyozi wa kona alikuwa anafunga duka. Tukanunua kiti chake cha zamani, kile cha chuma, Fundi Cheche akakata shina lake linalozunguka, akalichomelea sakafuni upande wa abiria. Tukapata hamsini na mbili. Mlango ukifunguliwa, kiti kinageukia nje, Mama anakaa kama anayekaa mezani, anashika mkono wa kiti, anageuka nacho mwenyewe hadi ndani. Sekunde ishirini na tano, nimezipima. Hakuguswa na mtu. Siku ya kwanza alicheka hadi akasahau kufunga mkanda.

Kosa langu na mimi nilitaje. Kila hatua nilikupigia picha nikakutumia, na sikukueleza hata moja. Nilitaka sifa. Naandika chini yake, "Unaonaje?" Kumbe huko ulikokuwa, pamoja na wenzako wa chama cha magari ya kale, ulikuwa unaona kweli. Ulikuwa unaona kasoro.

Orodha yako ninayo, Kaka. Fundi uliyempa kazi ya kulirudisha gari lilivyotoka kiwandani, yule wa ovaroli jeupe, aliisahau kwenye kisanduku cha mbele ya dereva. Kasoro ishirini na tatu kwa mwandiko wako. Namba tatu: altaneta si yake. Namba tisa: ubao nyuma, aibu. Namba kumi na nne: kiti cha kinyozi, na mbele yake umeweka alama ya mshangao. Nimeipitia yote nikiwa na kalamu. Kumi na tisa kati ya hizo ishirini na tatu hazikuwa kasoro. Zilikuwa majibu ya maswali ambayo hukuwahi kuuliza.

Ulikuja likizo, mimi nikaenda kumwangalia binti yangu aliyejifungua, ukasema, "Niachie gari nilitazame kidogo." Wiki mbili. Siku mbili za kila wiki Mama anapokwenda kwenye mazoezi ya nyonga, ulikodi gari kubwa, ukamnyanyua mwenyewe kwa mikono yako, ukamweka, ukamshusha. Mama anasimulia hadi leo ulivyomnyanyua kama kapu la pamba. Mikono hiyo ndege imeondoka nayo.

Niliporudi nililikuta limefungwa utepe mwekundu, na wewe mlangoni na begi lako, ukanikumbatia. Nakubali, ni zuri. Linang'aa hadi jirani anaweka kola yake sawa akijitazama kwenye mlango wa gari. Ulitafuta dainamo yake halisi katika nchi mbili, ukatafuta kiti cha nyuma cha ngozi na cha mbele kama kilivyotoka kiwandani. Sentimita thelathini na nane.

Wajua kwamba Mama hajakaa ndani yake tangu ulibadilishe? Najua alikuambia amepanda na amezunguka nalo mtaa mzima. Itazame tena ile picha uliyoitundika sebuleni kwako. Amesimama nje, mkono mmoja juu ya paa, na ule mkono mwingine usioonekana nimeushika mimi. Alijaribu mara moja, tarehe 10, akafika nusu, akakwama kati ya kukaa na kusimama, akasema, "Leo sina haraka ya kwenda popote." Kisha akakupigia simu kukushukuru.

Mimi nililitumia wiki moja. Siku ya tatu ikanyesha: nikiwasha vaipa, taa zinafifia; nikizima vaipa, sioni barabara. Ikawa nichague kuona au kuonekana. Lilizimika mara mbili ndani ya siku sita, hasira ikanipanda pale kwenye mataa watu wakinipigia honi na kunisifia gari kwa pamoja. "Dada, lina mwaka gani hilo?" Nikamwambia lina mwaka wa tabu. Shuka za wateja nilizipanga juu ya ngozi yako, ningezipanga wapi? Ovaroli jeupe akaniona njiani, akakuambia, nawe ukampigia Baba Mdogo.

Baba Mdogo alikuja tarehe 17 kwa miguu, akanywa maji kwanza, akanyoosha mkono. "Mwanangu, mimi si mgomvi wako. Mwenye kadi kasema litembee Jumapili tu, na likirudi lifunikwe. Nipe funguo."

"Na Mama je, Baba Mdogo?"

"Shemeji mwenyewe kaniambia hana haja ya kutoka."

Na kweli Mama alikuwa pale, akitazama vidole vyake vya miguu, akasema, "Sina haja." Nilitoa funguo. Baba Mdogo ni Baba Mdogo, nami sikutaka kugombea funguo mbele ya mgonjwa. Lakini tangu siku hiyo, kila nikipita nje na kuliona limefunikwa turubai, natamani kulipiga teke, na ninajizuia kwa kuwa rangi ni ghali na kidole ni changu.

Sasa hesabu, maana wewe ni mtu wa orodha. Mazoezi ni Jumanne na Ijumaa. Toka tarehe 10 Februari hadi juzi ni safari nane. Tano alikwenda kwa gari la kukodi, wanaume wawili wakimwinua mlangoni kwa shuka yangu. Safari ya tano mmoja alimwambia mwenzake, "Shika vizuri, bibi huyu kashinda friji." Mama alicheka kwa adabu. Tulipofika nyumbani akaniambia hatakwenda tena, na hakwenda: safari tatu mfululizo. Mwezi wa kwanza alikuwa anatembea hatua arobaini bila fimbo. Juzi nilimhesabia sebuleni, zikawa kumi na sita.

Mtaalamu wake wa mazoezi nilimfuata peke yangu. Hakunizungusha. Alisema nyonga ikipasuliwa ina muda wake wa kulainika, na wa Mama unaisha mwishoni mwa mwezi huu. "Baada ya hapo, dada, mlete tu tusalimiane." Siku zilizobaki ni ishirini na tatu, sawa na kasoro zako.

Kwa nini nisitengeneze kiti kingine? Nimekwenda kwa vinyozi sita. Viti vya sasa ni vya plastiki na pampu, vinazunguka lakini havichomeleki. Kile chetu kipo kwenye rundo la vyuma nyuma ya karakana ya ovaroli jeupe. Nimekiona kwa macho yangu, mguu umeelekea juu. Nikamwambia nakichukua. Akasimama mbele yangu akipangusa mikono isiyo na uchafu.

"Nilisaini na kaka yako. Yeye kaandika kitupwe. Nikikupa hicho leo, kesho utataka na altaneta."

"Na altaneta naitaka."

"Basi mwambie aniandikie. Jumamosi lori la vyuma chakavu linapita, saa sita mchana hapa panafagiliwa."

Fundi Cheche naye anapenda kunisaidia, ila sakafu ile mpya hataigusa bila neno lako. Alishawahi kulala mahabusu siku tatu kwa kukata gari la ndugu waliokuwa wanagombana. Alisema, "Kwa ndugu wawili, anayefungwa ni fundi."

Kwa hiyo watu watatu wananiambia maneno yale yale: mwenye kadi aseme. Kitanda kinalaliwa na mimi na Mama, lakini kunguni wake wanapangiwa na wewe kutoka ng'ambo.

Usinitumie hela za teksi. Nakufahamu, hapo umeshashika simu. Hela zinaleta gari, haziondoi wanaume wawili na shuka, na Mama hatakubali kubebwa tena hata umlipie kwa dhahabu. Usinieleze pia thamani liliyo nayo sasa. Najua bei aliyoitaja yule mnunuzi aliyekuja kupiga picha, maana alinitajia na mimi. Wala usimpigie Mama kumuuliza kama haya ni kweli. Atakuambia ni uongo, kwa upole, na atakuuliza umekula.

Sijasahau mema yako. Ada ya shule yangu ya mwaka wa mwisho uliitoa wewe ukiwa huna viatu vya maana. Upasuaji wenyewe nusu ni wako. Ndiyo maana sikuvunja dirisha la gari na sikumtukana Baba Mdogo, nimekaa nimeandika kurasa nne.

Nisalimie wifi, mwambie shuka alizoniachia zimetoka nyeupe. Wasalimie watoto wote watatu. Mkubwa apunguze simu, mdogo aongeze chakula. Baba Mdogo anakusalimu, Fundi Cheche anakusalimu, binti yangu anakusalimu pamoja na mjukuu wako. Mungu akulinde kazini, akupe usingizi mwema, na kila unachokijenga huko kikufae wewe na wanao.

Sasa nijibu jambo moja. Sakafu ya gari la Baba ikatwe, kiti cha Mama kirudi mahali pake, na funguo zirudi kwangu kwa matumizi ya kila siku: ndiyo, au hapana? Ikiwa ndiyo, mwandikie ovaroli jeupe na umpigie Baba Mdogo. Ikiwa hapana, iandike hapana yako kwa mkono wako, iwe na sahihi, nami nitamsomea Mama akiwa amekaa. Nalitaka jibu kabla ya saa kumi na mbili jioni, Ijumaa tarehe 13, saa za huku.

Mimi mdogo wako, nikupendaye na niliyekasirika,
Dobi