Kivuli cha Chumba cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kanirudishia mchoro. Ati mistari ya chini inakula ya juu! Na kweli. Ukichapa ramani ya ghorofa ya juu, unailaza ya chini humo humo, imefifishwa, fundi aone ukuta upi umekalia ukuta upi. Ofisini tunakiita kivuli. Leo kivuli kimetoka cheusi kuliko mwenyewe. Nikapunguza rangi — kikapotea kabisa. Printa hii ina roho mbaya. Mara ya tatu ikakubali. Bosi hata asante hana. Kasema ehee, basi.

Jioni kaka kanipigia. Anataka kupandisha ghorofa juu ya nyumba ya mama, wakae yeye, wifi na watoto. Nimchoree, si ndiyo kazi yangu? Nikamwambia undugu ni kufaana, lakini wino auombe kwa bosi. Tumecheka sana.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kupima nyumba. Mama kanishikia ncha ya tepu, na kila chumba ana la kusema. Hapa ulijigonga. Hapa baba yenu alipaka rangi ya kijani, kesho yake akaichukia. Chumbani kwake alikaa tu kitandani, upande wa dirishani, upande wa baba. Nikapima haraka nikatoka. Marehemu baba alifia pale.

Alhamisi, 6 Machi
Siamini. Kaka kanitumia alivyotaka vyumba vya juu vikae, na ngazi. Nikavichora, nikalaza kivuli chini yake. Ngazi inatua katikati ya chumba cha mama!

Nikamtumia, nikampigia. Kumbe anajua. Eti hakuna nafasi nyingine, sebule ni ya wageni. Na mama je? Atahamia kile cha nyuma. Cha nyuma — stoo! Dirisha hakina! Damu ikanipanda. Mama ameambiwa? Bado, ataambiwa taratibu, ujenzi ukishaanza. Halafu akasema nikitoe kivuli, kinachafua mchoro. Nimchapie mama ya juu peke yake, aikubali Jumapili.

Nilitaka kumtukana. Sikuweza. Kaka ndiye aliyeacha shule nikasoma mimi. Na yeye na wifi wanalala chumba kimoja na watoto wote, wamegawana kwa pazia. Ana haki ya kuchoka. Lakini stoo, jamani!

Jumamosi, 8 Machi
Nimekizima kivuli. Kubofya tu, chumba cha mama hakipo. Karatasi imetoka safi, nzuri mpaka nikaona haya. Ngazi imebaki kisanduku chenye mistari. Mwenzangu wa meza ya pili kanisifu, leo printa imenipenda.

Alipotoka nikachapa nyingine, yenye kivuli. Kwa nini? Sijui. Nitaifungua? Sijui pia. Mnafiki mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Machi
Kaka kaitandaza ile safi mezani, akaibana kwa sahani isijikunje. Watoto wakaanza kugombea vyumba. Mama kavaa miwani, anasoma kwa kidole. Alivyofurahi! Hapa wajukuu, hapa jiko, haya, na baraza pia? Wifi alikuwa anatabasamu huku kainamisha kichwa.

Kidole kikafika kwenye ngazi. Hii inaanzia wapi?
Chini, mama, kasema kaka.
"Chini najua, baba. Umeona wapi ngazi ikaanzia juu?"
Watoto wakacheka. Kaka akakohoa. Mama akanigeukia mimi.
"Wewe ndiye uliyepima. Niambie mwanangu, chini yake pana nini?"

Nikasema ngoja nilete chai.

Niko jikoni. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Chai imechemka, imemwagika, nimezima. Karatasi ya pili imo mkobani, hapa miguuni. Kaka kaja mlangoni, kautazama mkoba, kanitazama mimi. Macho yamemwiva. Kasema tafadhali, mdogo wangu — basi, akarudi. Afadhali angenigombeza!

Mama anaita. Sauti ya upole kabisa. Nisihangaike na chai. Nije na ile tepu yangu tu, ncha atashika mwenyewe. Namsikia anaburuta kandambili, anaelekea chumbani kwake.