Mgongo Uliokuwa Ukiutazama Kila Alhamisi

Mwaka umetimia, Mama, tangu Jumatatu ile saa nane mchana, ulipofumba macho kitandani pako na sisi wanao watatu tukabaki tumekuzunguka, hakuna aliyejua aanze na lipi. Mimi kitindamimba wako ndiye niliyepewa kalamu. Wakubwa wanasema ndiye mwenye maneno mengi. Leo yananipotea.

Watu walikufahamu kwa pasi. Miaka ishirini na sita ulisimama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, katika joto na mvuke, ukinyoosha shuka za wagonjwa, mpaka wenzako wakakuita Bi Mvuke. Kila shuka ukishaikunja uliiwekea kiganja juu, kitambo cha pumzi moja, ndipo ukaipeleka kwenye rundo. Msimamizi wako alidhani unapima kama imekauka. Kumbe ulikuwa unamwombea atakayeilalia, mtu usiyemjua na ambaye usingemjua kamwe.

Kanisani usingizi ndio uliokuwa adui yako, maana ulikuja umechoka. Ukianza kukuelemea, uliinuka ukaenda kusimama ukutani, kule nyuma, mpaka ibada iishe. Siku ya mazishi mchungaji alituchekesha katikati ya machozi: alisema akikuona umesimama, alijua mahubiri yamekuwa marefu. Sisi tulikuwa tunakuambia ukae tu, Mungu anaelewa.

"Anaelewa, ndiyo," ulitujibu. "Lakini mimi ndiye niliyeahidi kukesha. Na kukesha si kutoa macho tu. Mlinzi anaweza kutoa macho, akili yake iko kwao."

Si wote nyumbani walioyapenda hayo. Kaka yetu mkubwa, fundi wa kusuka upya nyaya za mota za umeme, alichoshwa na maombi yako. Jumapili moja alisukuma sahani yake, akasema mbele yetu sote, "Mama, mimi ni mtu mzima. Sitaki kuombewa, sitaki kufuatwafuatwa. Usikanyage tena karakana yangu."

Ulisema, "Nimekusikia, baba." Ukaondoa vyombo.

Miaka miwili ikapita, hajaja kwako, nawe hukukanyaga kwake. Tulidhani umekata tamaa. Mimi na dada tulikusema chinichini kwamba umemwacha mtoto apotee hivihivi. Tusamehe.

Ukweli tuliupata kwa fundi viatu, yule anayekaa ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana ya kaka.

"Huyu mama huja kila Alhamisi saa nne," alituambia. "Anasimama hapa pembeni yangu dakika chache, anamtazama yule fundi dirishani, midomo inacheza, halafu huyoo, anarudi alikotoka. Nilidhani ana mota yake mle ndani, anaona haya kuiulizia."

Saa nne ndiyo ilikuwa saa yako ya chai kazini. Chai yenyewe sijui ulikuwa unainywa lini.

Alhamisi moja ulisimama hapo kama kawaida. Kaka alikuwa amewapa mgongo, ameinamia meza yake, redio inaimba. Ukamwambia fundi viatu, "Leo mgongo wake si huo." Mzee wa watu akatazama. Aliona mgongo uleule na shati lilelile. Alipogeuka akujibu, ulikuwa umeshavuka barabara.

Umeme ulikuwa umemshika. Mkono umegandamana na chuma cha mota, mwili umesimama wima kama wa mtu aliye kazini, na sauti haitoki. Ilitaka mtu aliyeutazama mgongo ule Alhamisi zaidi ya mia ndipo ajue kwamba una jambo. Hukumgusa, huko kwenye pasi zenu mlishafundishwa. Ulishusha swichi kuu kando ya mlango, naye akaanguka miguuni pako kama mzigo. Wewe na fundi viatu mkampeleka hospitali, akalazwa kwenye shuka ambayo, bila shaka, ilikuwa imepita chini ya kiganja chako.

Alipozinduka alikukuta kando yake. "Nilikukataza kuja," akasema.

"Ulinikataza kukanyaga," ulimjibu. "Kusimama ng'ambo hukunikataza."

Kaka alicheka, kicheko kikageuka kilio, nawe ukamwachia alie.

Kanisani wakataka usimame ushuhudie jinsi sauti ilivyokuita siku ile. Ukakataa katakata. Jioni, tulipokuwa tunakunja nguo mimi na wewe, nikakubana.

"Mama, ulisikia nini hasa?"

"Sikusikia kitu."

"Hata kidogo?"

"Tangu baba yenu atutoke sijasikia kitu, mwanangu. Huu mwaka wa kumi na mmoja. Naomba, kimya. Nasoma, kimya. Ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo haiitikii."

Nguo ikaniponyoka. Wewe ndiye tuliyekuegemea sote. "Na hukuchoka?"

"Nimechoka sana. Ila mwenye nyumba hajaniambia niondoke."

Ukaniokotea nguo, ukaendelea kukunja. Mimi niliingiwa na hofu, Mama, ile ya mtu aliyeishi miaka yote chini ya mlima asijue ni mlima. Wengine tukikosa jibu wiki moja tunanuna. Wewe miaka kumi na mmoja uliweka kiganja kwenye shuka za watu, hujapewa hata mnong'ono, na hukuruka hata moja.

Kaka hakubadilika kwa vishindo. Alianza kukusindikiza mpaka mlangoni mwa kanisa, akarudi. Baadaye akawa anaingia. Mwisho tukawaona wawili mmesimama ukutani, bega kwa bega, na hakuna aliyethubutu kuwauliza lolote.

Siku ile ya mwisho, kifua kimekubana, ulimwomba yeye aombe. Si dada, si mimi. Alishika mkono wako, akasema, "Bwana, mimi sijui kuongea na wewe. Huyu ni mama yangu." Akakwama hapo.

Ukafumbua macho. Hukumtazama kaka wala sisi. Ulitazama mlangoni, ambako hakukuwa na mtu, na uso wako ukawa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake. Ukasema, "Nimesikia."

Halafu ukatulia. Hatujui ulisikia nini. Mpaka leo tukilitaja neno lile, tunashusha sauti.

Tunaokukumbuka ni mwanao wa kwanza, fundi mota; binti yako mwalimu na mumewe; mimi kitindamimba wako; wajukuu wako watano; mdogo wako wa kike; mawifi zako; na wenzako wote wa chumba cha kufulia. Fundi viatu naye ameomba awemo, tumemweka.

Tutakukumbuka siku zetu zote, Mama, na zaidi siku zile ambazo hatutasikia kitu.